Kisima Kilichokatazwa Kulala

Marehemu hasemwi, na mimi simsemi ami yangu Seif. Naisema pampu yake. Siku ya hitma yake, nyumbani Tongoni, wanawake tulikaa ukumbini na wanaume barazani, mlango ukiwa wazi kati yetu. Akasimama mzee mmoja mwenye sauti ya kupendeza akasema kwamba marehemu ndiye aliyeleta maji katika nyumba hii. Kabla yake palikuwa na ndoo na kamba tu. Kisha akaongeza kwamba kisima kilipoingia chumvi, marehemu alikiombea dua na kikarudi kuwa kitamu. Wanaume wakaitikia. Wanawake nao wakaitikia, ingawa nusu yao walikuwapo mwaka ule na yale maji waliyaonja kwa ndimi zao wenyewe. Nilimtazama shangazi yangu, Bi Zuhura, dada yake marehemu, aliyekuwa ameegemea mto kando yangu, macho kwenye mkeka. "Wamesema chumvi iliingia," akaninong'oneza. "Hawajasema iliingizwa na nani."

Mimi leo riziki yangu inatoka kwenye kazi hiyo hiyo ya maji. Nawawekea watu umwagiliaji wa uani, Tanga mjini na pwani yote hii mpaka Pangani, na karibu kila nyumba namkuta Ami Seif mwingine. Mwenye nyumba hunionyesha pampu kabla hajanionyesha kisima. Ameshainunua, ameshaisifia kwa majirani, na sasa anataka nimtafutie kazi ya kuipa. Ukimuuliza maji yake yana ladha gani, anakutazama kama umemuuliza umri wa mkewe. Ukimuuliza uwanja umeinamia upande gani, hajui, na amekaa hapo miaka. Anachotaka ni maji yaruke juu, jirani ayaone. Nawaambia mti unakunywa kwa mizizi, na jirani hana mizizi uani kwako. Wengine wanacheka, wengine wananinunia, na wachache wananielewa. Hao wachache ndio ninaowafanyia kazi kwa moyo. Wengine nawafanyia kwa sababu nami nakula.

Niliyajua haya mwaka niliomaliza kidato cha nne. Nilikuwa nasubiri matokeo, na nyumbani kwetu Makorora, Tanga mjini, walikuwa wamenichoka, wakanipeleka Tongoni ati nikamsaidie shangazi kwa kuwa magoti yalianza kumsumbua. Chumba chake kilikuwa cha mwisho, kinachofungukia uani, na ukilala mle nguo zako zote zilinukia asubuhi bila kufukizwa. Uani kulikuwa na asumini, mikilua, mrehani na mlangilangi mmoja mrefu kuliko paa. Jioni tulichuma vitumba vya asumini kabla havijafunguka, tukakaa mkekani na sinia katikati, tukafunga vikuba: kilua katikati, mrehani pembeni, asumini kuzunguka. Asubuhi vilikwenda mjini kwa maharusi na kwa wanawake waliojua tofauti ya kunukia na kujipulizia. Kwa maua yale shangazi alikula chake. Nyumba ilikuwa ya ndugu hao wawili kwa sheria, na ya ami peke yake kwa sauti. Yeye alikuwa akifanya biashara Maskati, na alikwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba mjane kukaa peke yake kijijini ni aibu, na kwamba nyuma ya nyumba yake ya Tanga kuna chumba kitupu, karibu na jiko. Karibu na jiko. Hata kuficha hakuficha. Maua ndiyo yaliyomweka shangazi mbali na jiko lile. Uwanja ukikauka, angekuwa mpishi wa kaka yake mpaka kufa, na wote wawili walilijua hilo.

Kisima nacho kilikuwa na adabu zake. Kilichotwa alfajiri, na kilichotwa baada ya alasiri. Adhuhuri hakiguswi, kinalala. Ndoo ilifungwa kamba fupi, iguse uso wa maji tu, na aliyeongeza kamba aligombezwa kama mwizi. Nilimuuliza shangazi kwa nini, akanijibu kwamba adhuhuri wenyewe wanaoga. Wenyewe ni akina nani, hakusema, ila alishusha sauti. Nilikuwa na sayansi ya kidato cha nne kichwani, nikacheka kimoyomoyo. Hata hivyo nilichota kwa saa zake na kwa kamba yake, kwa sababu kelele za shangazi zilikuwa kali kuliko za majini yoyote.

Ami Seif aliingia na gari la mizigo. Alishusha pampu ya petroli, marobota ya mabomba ya plastiki, vinyunyizio vya shaba vya kuzunguka, na majani ya kupanda chini kama zulia yaliyokuwa yameanza kunyauka ndani ya gunia. Shangazi alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na habari yote tuliipata juu ya sinia lile.

"Zuhura, harusi ya Nasra itakuwa hapa," ami alisema. Nasra alikuwa bintiye mkubwa. "Wageni watoka Maskati. Siwezi kuwaonyesha ndoo."

"Waonyeshe maua."

"Maua yatakuwapo, na majani ya chini yatakuwapo, na maji yatakuwa yaruka. Pampu ile yaweza kukausha bahari."

"Basi ipeleke baharini," shangazi akasema, akamwongezea samaki.

Ami hakucheka. Alikuwa mtu asiyejua kwamba anataniwa mpaka aambiwe. Shangazi akamweleza kwa upole, mara moja tu, kwamba kisima chalala adhuhuri na kwamba chachotwa juu juu. Ami akaweka tonge chini. "Kisima si mtu. Huo ni ushirikina, na mimi ushirikina silali nao nyumba moja. Maji ni maji, Zuhura." Nakiri kwamba neno lile la maji ni maji lilinivutia siku ile, lilisikika kama neno la mtu aliyesoma. Nimelisikia mara nyingi tangu hapo, kutoka vinywa vingi, na kila mara najua kinachofuata.

Mabomba yale tuliyafukia kabla ya kuyajaribu, kwa amri yake, halafu tukayafukua kuziba yalipovuja, halafu tukayafukia tena. Mimi nilishikishwa kazi kwa sababu ndimi pekee niliyetazama mishale iliyochorwa kwenye koki ikionyesha maji yanaelekea wapi. Ami aliiona kuwa ni mapambo. Ilipofika zamu ya bomba la kuvutia maji kisimani, nikamuuliza liingie kina gani. "Mpaka chini," akasema. "Bomba lote limenunuliwa, bomba lote liingie." Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijapata kusikia hoja ya kijinga kuliko ile ikitolewa kwa utulivu vile. Tukalishusha mpaka likagusa mchanga.

Kisha akachagua siku ya kuwasha, na saa. Saa ilikuwa adhuhuri. Alitaka iwe adhuhuri hasa, na kijiji kikaja kutazama nje ya ua, wengine wakiwa wamewaacha watoto nyumbani kwa tahadhari. Pampu ikanguruma, vinyunyizio vikakohoa vumbi, halafu maji yakaruka na kuzunguka, na kwa kweli yalipendeza. Hata mimi nilipiga makofi. Ami alisimama katikati ya uwanja na kanzu yake nyeupe ikilowa mabegani. "Wako wapi hao wenyewe?" akauliza watu. "Watoke tuwaogeshe." Shangazi aliingia ndani akafunga dirisha. Tangu siku ile pampu iliwashwa kila adhuhuri mpaka alasiri, kusudi.

Chumvi tuliiona kwanza kwenye chai. Ami alionja, akakunja uso, akauliza sukari hii imetoka wapi. Nikabadilisha sukari. Akauliza maziwa haya ya nani. Tukabadilisha maziwa. Kila kitu kililaumiwa kwenye kikombe kile isipokuwa maji. Siku iliyofuata nilimwambia shangazi kwamba chumvi ya jikoni imekwisha ninunue, akanijibu kwa sauti ya kufika ukumbini, "Chumvi sinunui tena. Kaka ameleta." Uani udongo ulianza kuota weupe juu, kama mtu amemwaga unga wa muhogo. Majani ya asumini yakageuka kahawia kwenye kingo, kwa sababu maji yale yaliyapata majani yenyewe, juani, na kukaukia pale pale. Mikilua ikaangusha vitumba. Shangazi alipita asubuhi akiviokota chini na kuvitazama kiganjani. Nilimchukia ami yangu asubuhi zile. Sioni sababu ya kulipunguza neno hilo kwa kuwa amekufa.

Kijiji kilikuwa na jibu lake tayari: wenyewe wamekasirika. Ami aliwacheka barazani. Lakini alasiri moja nilikuwa nimejilaza chumbani kwa shangazi baada ya chakula, nikamsikia ami ukumbini akizungumza kwa sauti ambayo sikuijua kuwa anayo, ndogo, ya kubembeleza. Alikuwa amemwita mwalimu mmoja wa kuandika kombe, zile aya za kwenye sahani. "Mimi siamini mambo haya, mwalimu," alikuwa akisema. "Ila harusi iko karibu." Mwalimu akamuuliza pampu iliwashwa saa ngapi siku ya kwanza. "Adhuhuri," ami akasema. Mwalimu akavuta pumzi ndefu, ya kitaalamu kabisa. Alisema kombe litaandikwa kwa zafarani, lioshwe, limiminwe kisimani, na kwamba mpaka kisomo kitimie pampu isiwashwe na mtu asichote ila ndoo chache za juu, alfajiri. Ami akakubali yote. Yule aliyekataa kulala nyumba moja na ushirikina alikwenda akautandikia kitanda.

Na kisima kikarudi kuwa kitamu. Kisomo kilipotimia nilichota mwenyewe, nikaonja, ni maji yale yale ya zamani. Mbuzi akachinjwa, watu wakala, mwalimu akasifiwa mpaka akaona haya. Mifupa ya mbuzi haijakauka, ami akawasha pampu, na chumvi ikarudi. Hapo akasema kuna mtu humu ndani ana husuda, akamtazama dada yake. Mimi nilikuwa nimeshika birika la kahawa, nikasimama nalo pale pale, kwa sababu kitu kilikuwa kimenigonga kichwani. Ni kweli kisima kilikuwa kimepona wakati wa kisomo. Lakini wakati wa kisomo pampu ilikuwa imezimwa.

Harusi ilikuja, hata hivyo, na vikuba vya bibi harusi vilinunuliwa mjini, vimechoka kabla ya mchana. "Shangazi, viko wapi vilua vyako?" Nasra aliuliza, masikini, bila ubaya. "Muulize baba'ko," shangazi akamjibu, akaendelea kumfunga nywele. Ami naye hakukubali kupitwa na siku yake. Wageni walipokaa uani alifungulia vinyunyizio awaonyeshe, upepo wa bahari ukayachukua maji ukayapeleka upande wa wanawake, na mabuibui yao meusi yalipokauka yalibaki na madoadoa meupe. Walikwenda nayo hivyo hivyo mpaka mjini. Nikikumbuka mwaka ule na kutaka kucheka, nacheka hapo.

Kabla hajarudi Maskati ami alisema neno lake la mwisho, amesimama, funguo za gari mkononi. "Nikija mwakani uwanja ukiwa hivi, Zuhura, unahamia mjini. Siwezi kuweka nyumba kwa ajili ya miti mikavu." Akaondoka. Pampu ilibaki. Miti mikavu ilibaki. Shangazi alikaa kizingitini akatazama uwanja mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Kupika najua. Lakini kwa yule mkewe?" Hakuwa na haja ya kumaliza.

Pampu ilipokuwa imezimwa siku kadhaa, nikatafuta chupa tupu ya soda. Nikaifunga jiwe chini, nikaiziba kwa kizibo cha kitambaa, na kizibo nikakifunga kamba yake peke yake. Nikaishusha mpaka chini, nikavuta kamba ya pili, kizibo kikatoka, chupa ikajaa huko huko. Kisha nikachota kwa ndoo juu juu, kama kawaida. Nikamimina vikombe viwili mbele ya shangazi. Alionja cha ndoo, akameza, akakubali kwa kichwa. Alionja cha chupa, akatema. "Kisima kimoja?" akauliza. Nikamweleza nilivyoelewa: kwamba maji ya mvua ni mepesi, yanakaa juu ya yale yanayopenya kutoka baharini, kama mafuta juu ya mchuzi, ukichota polepole unayapata, ukivuta kwa nguvu kutoka chini unayapandisha ya chumvi na kuyavuruga yote, ukikiacha kisima kikapumzika, yanajitenga tena. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ndiyo nilivyosema," akajibu. "Kinalala." Nikamkumbusha habari ya wenyewe wanaooga. "Na hao pia," akasema, na sikupata kumtoa hapo hata leo.

Vinyunyizio vya shaba tukavitupa stoo. Mabomba tukayafukua, safari hii kwa furaha. Nikaweka pipa juu ya mawe, urefu wa kiuno changu, tukawa tunalijaza kwa ndoo alfajiri na baada ya alasiri, na kutoka kwenye pipa bomba likapita kwenye mashina. Nikalitoboa kwa sindano ya magunia iliyopashwa moto. Mara ya kwanza niliharibu: uwanja umeinamia upande wa bahari, nami nililaza bomba kufuata mteremko, mikilua ya chini ikaoga na ya juu ikapata mate tu. Nikayalaza mabomba upya, kwa kukata mteremko, kila mstari na koki yake. Matundu yakaziba kwa uchafu, nikafunga kipande cha kanga mdomoni mwa pipa kama chujio. Shangazi akatandaza makumbi ya nazi kwenye mashina ili jua lisinywe kabla ya miti. Masika ilipokuja ikaosha ule weupe, na matone yetu yakaendelea pale mvua ilipoachia. Hayakuruka wala hayakuonekana. Ulikuwa ukiinama sana ndipo unasikia tone likigonga kumbi. Matokeo ya mtihani yalitoka katikati ya kazi ile, na nilimtuma mtu anisomee, kwa sababu mstari wa mwisho wa asumini ulikuwa bado.

Ami aliporudi alikuta kijani na harufu. Alizunguka uwanja mikono nyuma, akaligusa pipa kwa kidole, akasema, "Nilijua tu yangekaa sawa." Mchana ule ule aliwaleta jamaa zake kutoka mjini akawaonyesha "mabomba yangu", akawaeleza juu ya kisomo, na ile pampu iliyokuwa stoo ikiliwa na kutu haikutajwa. Nilifungua kinywa. Shangazi alinikanyaga mguu, sawasawa, kwa kisigino. Jikoni aliniambia, "Mwache. Mwanamume akishasema kitu ni chake hakiharibu tena. Asiponiita mjini, aseme atakalo." Kwa hiyo alimlipa kaka yake kwa kunyamaza, mwaka baada ya mwaka, na kwa malipo hayo alikaa kwake. Nililiona jambo la kudhalilisha. Bado naliona hivyo, ila sasa najua nani alidhalilika.

Nayo ndiyo sifa tuliyoitikia siku ya hitma. Watu walipotawanyika, mtoto wa marehemu, Talib, aliyezaliwa na kukulia Maskati, alikuja uani na viatu vyake vinavyong'aa. Shangazi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake karibu na mikilua, na mimi nikikusanya vikombe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole tena."

Akazunguka uwanja mikono nyuma. Niliutambua mwendo ule. Akasema kwamba anataka kumwekea baba yake ukumbusho hapa. Atang'oa hili pipa, ataweka pampu kubwa ya jua juu ya kisima, majani ya chini na vinyunyizio, na nyumba wapangishwe wageni. "Nawe shangazi umechoka, utakuja mjini upumzike. Kile chumba kipo."

"Na kisima?" shangazi akamuuliza. "Umekionja?"

"Maji si maji tu, shangazi?"

Shangazi alinigeukia. Alikuwa mzee sana siku ile, lakini uso wake ulikuwa ule ule wa juu ya sinia la samaki. "Mletee kijana maji anywe," akasema. "Ya baba yake."

Nilikwenda stoo. Chupa ninayo, hata kazini nakwenda na nyingine kama ile, na ya kwanza huwa pale kwenye msumari, na kamba zake mbili. Niliishusha polepole mpaka chini, nikavuta kizibo. Nikamimina kwenye bilauri nzuri, ya wageni, nikamletea kwenye kisahani. Talib alipiga funda kubwa. Akasimama nalo mdomoni, macho yamemtoka, mbele ya shangazi yake, siku ya hitma ya baba yake, hana pa kutema. Shangazi alimtazama mpaka akameza.

"Sasa mpe yetu," akaniambia. Nikachota juu juu, nikamletea bilauri ya pili. Aliitazama kwanza. Kisha akainywa yote, kwa pupa, kama mtoto.

"Ni kisima kimoja hiki?" akauliza.

"Kimoja," shangazi akasema. "Baba'ko naye lilimshinda hilo hilo. Ila yeye alimwita mwalimu wa kombe akamuuliza, na mimi nilikuwa nimekaa hapa."

Talib aliziweka bilauri mbili kwenye kisahani, zimegusana. Hakuitaja tena pampu, wala kile chumba. Akauliza tu, taratibu, kama anaweza kukaa kidogo. Shangazi akamsogezea kigoda. Alasiri ilikuwa imeingia, nami nikaenda kuifungua koki ya mstari wa kwanza.